Upande Ulioachwa Wazi: Tafakari ya Majilio



Mpendwa kijana mwenzangu, leo naomba nikupeleke kwenye chumba kimoja cha chini ya nyumba, huku kusini mwa Ujerumani, nikuoneshe msalaba mdogo sawa na ukucha wa kidole gumba. Nimeupaka rangi mwenyewe. Ulinichukua jioni nne, na kabla haujakauka ulikuwa umeshanihubiria kuliko mahubiri mengi niliyoyasikiliza huku nachezea simu. Mapadre wetu mnisamehe.

Niko huku kwa mafunzo ya uuguzi wa wazee. Katika nyumba ninakofanyia kazi kuna mzee mmoja mstaafu, aliyeendesha treni karibu maisha yake yote ya kazi. Ameniruhusu nisimulie habari hii mradi nisitaje jina lake, kwa hiyo nitamwita Mzee, kama ambavyo ningemwita kwetu. Si mtu wa kanisani sana. Ila katika chumba cha chini ana kitu anachokipenda kuliko chakula: reli ya mfano.

Kama hujawahi kuiona, usidhani ni mwanasesere wa watoto. Ni meza ndefu yenye nchi nzima juu yake. Kipimo ni 1 kwa 87, yaani kila sentimita 87 za duniani zinakuwa sentimita 1 mezani. Mtu mwenye urefu wa mita 1.74 anakuwa na sentimita 2. Pale mezani kuna kituo cha treni, kanisa lenye mnara, mlima wenye handaki, ng'ombe, mpaka bibi anayeanika nguo. Kila kitu kimekamilika, isipokuwa sehemu moja tu: pale barabara inapokatiza reli. Pale palikuwa patupu. Boksi la vipande vya alama na vizuizi lilikuwa kwenye droo, halijafunguliwa, na bei yake ilikuwa bado imeandikwa kwa marka, ile hela ya Ujerumani iliyokuwepo kabla ya noti za euro kuingia mwaka 2002.

Nikamuuliza, "Mzee, miaka yote hii mbona hukuunga hivi?"

Akanionesha mikono yake inavyotetemeka. "Haiwezi tena," akasema. "Wewe utakuwa mikono yangu."

Nilidhani hilo ndilo jibu lote. Kumbe halikuwa lote.

Msalaba wa Andrea

Kwetu mahali barabara inapokatiza reli tunapaita tambukareli. Dodoma kuna hata eneo lenye jina hilo. Na alama yake unaijua: vibao viwili vilivyokatizana kama herufi X. Sasa sikiliza Wajerumani wanaiitaje: Andreaskreuz, yaani Msalaba wa Andrea. Wafaransa nao wanauita hivyo hivyo kwa lugha yao. Ni kwa sababu mapokeo yanasimulia kwamba Mtume Andrea aliuawa kule Patras, Ugiriki, juu ya msalaba wenye umbo hilo.

Nakiri niliona aibu. Mimi niliyelelewa kwenye jumuiya ndogo ndogo, niliyekuwa mtumishi wa altare, nilikuwa nimepita chini ya msalaba wa mtume mara mbili kila siku kwenda na kurudi kazini, na hakuna siku niliyoutambua. Mzee asiyeenda kanisani ndiye aliyenifundisha.

Kazi yenyewe iko hivi. Vipande vinakuja vimeshikana kwenye fremu ya plastiki. Unavikata kwa mkasi mdogo wa ncha kali, unasugua makovu kwa tupa nyembamba, unaviosha, unaviacha vikauke. Kisha unapaka nyeupe, nyepesi sana, mara mbili. Ikikauka kabisa ndipo unachukua brashi yenye nywele chache na kupaka nyekundu kwenye ncha nne za msalaba, kwa sababu msalaba wa Kijerumani ni mweupe wenye ncha nyekundu.

Nyekundu ni rangi mkaidi. Mkono wa kwanza unatoka kama waridi lililopauka. Mimi, kijana wa haraka, nikachovya brashi nikapaka nene ili niimalize mara moja. Rangi ikajikusanya kwenye kingo, umbo likapotea, msalaba ukawa kama peremende iliyolambwa. Mzee aliutazama kwa lenzi yake, akaucheka, akanipa mwingine. "Nyembamba," akasema. "Ngoja. Halafu nyembamba tena." Ndiyo maana jioni nne.

Nikiwa nangoja rangi ikauke nikaanza kumfikiria huyo Andrea. Ukisoma Injili ya Yohane utamkuta mara tatu, na mara zote tatu anafanya kazi ileile. Katika sura ya 1 anamtafuta ndugu yake Simoni na kumleta kwa Yesu. Katika sura ya 6 ndiye anayemtaja yule mtoto mwenye mikate mitano ya shayiri na samaki wawili. Katika sura ya 12 Wayunani wanataka kumwona Yesu. Filipo anamwendea Andrea, na wote wawili wanampelekea Yesu habari. Hatusomi popote katika Injili kwamba Andrea alitoa hotuba ndefu. Yeye ni kibao kinachoonesha. Anasimama kando ya njia na maisha yake yanasema: tazama, kuna Mwingine hapa, mkubwa kuliko sisi.

Na hiyo ndiyo maana ya msalaba ule barabarani. Haukwambii barabara ni mbaya wala safari yako haina maana. Unakwambia kwamba kinachokuja ni kikubwa kuliko wewe, hakiwezi kukukwepa, kwa hiyo mpishe. Kwa sheria ya hapa, kwenye alama hiyo treni ndiyo yenye haki ya kupita, na dereva anatakiwa asubiri kabla ya msalaba, asiuvuke.

Wakatoliki wenzangu, mnaona inakoelekea? Dominika ya kwanza ya Majilio ni ile iliyo karibu zaidi na sikukuu ya Mtakatifu Andrea, tarehe 30 Novemba. Kanisa limemweka Andrea kwenye lango la Majilio. Yupo anayekuja. Punguza mwendo.

Mistari mitatu, miwili, mmoja

Ndani ya boksi kulikuwa pia na vibao vyembamba vyeupe vyenye mistari myekundu ya kukingama. Kwenye barabara halisi vibao hivi vinasimama kabla ya tambukareli. Cha kwanza kina mistari mitatu, kipo karibu mita 240 kabla ya reli. Cha pili kina mistari miwili, mita 160. Cha tatu kina mstari mmoja, mita 80. Dereva hata akiwa na mawazo, anahesabu tu: tatu, mbili, moja, reli.

Nilitaka kuvipanga kwa usahihi. Nikachukua kalamu nikagawa 240 kwa 87. Nikapata mita 2.76. Meza yenyewe ina urefu wa mita 3! Kibao cha kwanza kingekaa karibu na mlango wa chumba.

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Hapa wote tunadanganya," akasema. "Mezani unaweza kulisogeza onyo karibu na hatari. Barabarani huwezi." Akanielekeza nivichomeke sentimita kumi na tano tu kutoka kimoja hadi kingine.

Neno hilo liliniingia mahali ambapo sikutaka mtu aingie. Na sasa lazima nikwambie habari yangu, maana nisipoisema nitakuwa nahubiri nimesimama upande salama wa reli, na haitakuwa kweli.

Mwaka jana nilianza kubeti. Euro tano tu, mechi ya Jumamosi, kuchangamsha wikendi ya ugenini. Nilishinda. Siku chache baadaye nikagundua kwamba mwenzangu wa chumba akiingia, naficha simu. Hicho kilikuwa kibao cha mistari mitatu. Hakuna aliyekuwa amekufa, hakuna aliyekuwa ameibiwa, lakini kwa nini nafiche kitu kama hakina neno? Nilikiona kibao na nikasema, bado mbali.

Kisha nikakopa. Nilimwambia rafiki yangu nahitaji nauli, kumbe nahitaji mkeka. Huo ni uongo kamili, umetoka mdomoni mwangu kwa mtu anayenipenda. Mistari miwili. Nikasema, bado nina breki.

Kisha ada ya mdogo wangu. Mimi ni wa kwanza kuzaliwa. Ukoo mzima ulichanga nije huku, na makubaliano yalikuwa kwamba nikianza kupata posho nitamlipia mdogo wangu wa kike chuo. Nilikuwa naiweka pembeni mwezi hadi mwezi. Usiku mmoja nilikaa kitandani nikiitazama ile hela kwenye simu, na moyo ukanidunda kwa namna ambayo kila mmoja wenu anaijua. Mstari mmoja. Mita themanini.

Niliweka yote. Nilitaka iwe mara mbili, nimtumie ada na nyingine nimnunulie Mama friji. Mkeka ulichanika kwenye dakika za nyongeza.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2413, haisemi kwamba kila mchezo wa bahati ni dhambi kwa wenyewe. Inasema unakuwa haukubaliki pale unapomnyima mtu kile anachohitaji kwa ajili yake na kwa ajili ya wengine, na inaonya kwamba tamaa ya kamari inaweza kukugeuza mtumwa. Nilikuwa nimeisoma zamani kwenye semina ya vijana. Kwa hiyo usiniambie sikuonywa. Nilionywa mara tatu, kwa umbali wa kutosha kabisa. Nilichofanya ni kuvisogeza vibao karibu na reli, nikajiambia kwamba nitasimama kwenye mstari wa mwisho.

Ndugu yangu, dhambi kubwa mara nyingi haianzi ikiwa kubwa. Inaanza na simu unayoigeuza kifudifudi, ujumbe unaoufuta kabla mchumba hajauona, glasi unayoinywa jikoni peke yako, Misa moja unayoikosa kwa uchovu na wala hujisikii vibaya. Mungu kwa upendo wake anaweka vibao mbali na hatari ili upate nafasi ya kupunguza mwendo. Ukijisikia kuchomwa na jambo dogo, usijiite mshamba. Shukuru. Maana yake bado uko mita 240.

Kwa nini upande mmoja hauna kizuizi

Jioni ya tatu tukafika kwenye vizuizi. Nilishangaa kuona ni vifupi. Kila kimoja kinaziba nusu tu ya barabara, ile nusu ambayo gari linaingilia. Nusu nyingine, ya kutokea, iko wazi. Nikadhani vipande vimepotea.

"Hapana," akasema Mzee. "Ndivyo vilivyo. Kama gari limeshaingia relini na vizuizi vikashuka, lazima lipate pa kutokea. Upande ule umeachwa wazi kwa ajili ya aliyenaswa."

Halafu akanyamaza. Nilikuwa nashika nguzo kwa kibano nikingoja gundi ishike, kwa hiyo sikuweza kumtazama. Akaanza kusimulia taratibu, kama mtu anayesoma orodha.

Ilikuwa asubuhi, hali ya hewa nzuri. Taa zilikuwa nyekundu, vizuizi viko chini. Dereva mmoja wa gari dogo hakutaka kusubiri. Akazunguka kizuizi, akapitia ule upande uliokuwa wazi. Mzee alimwona kutoka mbali. Treni ikiwa katika mwendo wa kilomita 160 kwa saa inaweza kuhitaji karibu mita 1000 kusimama, na haina usukani wa kukwepa. "Nilipiga honi, nikavuta breki," akasema. "Baada ya hapo na mimi nikawa abiria. Nilimwona uso."

Akasema tena, "Ule upande tuliuacha wazi ili watu watoke. Yeye aliutumia kuingilia."

Ndiyo maana lile boksi halikufunguliwa kwa zaidi ya miaka ishirini. Haikuwa mikono.

Mpendwa kijana, usiku ule sikulala. Kwa sababu nililijua gari lile. Lilikuwa langu.

Unajua nilijiambia nini usiku ule wa kuweka ada ya mdogo wangu? Nilijiambia: "Jumamosi nitaungama." Kabisa! Nilimtaja Mungu kwenye mpango wangu. Nilikuwa nimeshahesabu huruma yake kama sehemu ya mtaji. Nitatenda, kisha nitakwenda kitubioni, padre ataniondolea, maisha yataendelea. Mlango ambao Kristo aliuacha wazi kwa damu yake ili mimi nitoke kwenye dhambi, mimi niliutumia kuingilia.

Kanisa lina jina la jambo hili. Katekisimu, namba 2092, inalitaja kati ya dhambi zinazopingana na tumaini: mtu kudhani atapata msamaha bila kuongoka. Na zamani kabla ya hapo, Yoshua bin Sira katika sura ya 5 alishaonya tusijiaminishe juu ya msamaha hata tukaongeza dhambi juu ya dhambi, wala tusichelewe kumrudia Bwana siku baada ya siku. Ni kama alikuwa amekaa chumbani kwetu.

Wapo watakaosema: basi Mungu azibe barabara yote! Ashushe kizuizi kirefu, tusiweze kabisa kupita. Mara ngapi tumesali hivyo, "Bwana, niondolee kabisa uwezo wa kufanya hili." Lakini Mungu hakutuumba hivyo. Ametuachia uhuru, na zaidi ya uhuru ametuachia njia ya kutokea. Angefunga pande zote, aliyenaswa angefia ndani. Huruma ina sura ya nusu ya barabara iliyo wazi. Haikuwekwa pale kwa ajili ya mjanja anayetaka kuwahi. Iliwekwa kwa ajili ya aliyenaswa.

Sasa jiulize kwa utulivu: Sakramenti ya Kitubio kwangu ni njia ya kutokea, au ni njia ya kuingilia?

Na kama umeshanaswa

Labda unasoma hapa na kibao cha mwisho umekipita zamani. Uko katikati ya reli, vizuizi vimeshuka mbele na nyuma, unasikia honi. Una mimba ambayo hujamwambia mtu. Una deni. Una picha ulizotuma. Una siri na mtu ambaye si wako. Huhitaji tena kuambiwa kwamba hukupaswa kuingia, unalijua hilo kuliko mhubiri yeyote.

Basi nikupe jambo la mwisho alilonifundisha Mzee. Nilimuuliza, je, gari likinaswa na dereva akachanganyikiwa, akaona mbele yake kuna kizuizi? Akanijibu bila kusita: "Apite nacho! Kizuizi kimetengenezwa kiweze kuvunjika. Watu wanakaa pale kwa sababu wanaogopa kukwaruza gari."

Wanaogopa kukwaruza gari. Na treni inakuja.

Kijana mwenzangu, aibu ni kizuizi kinachovunjika. Inaonekana ngumu ukiwa ndani. Ukiigonga inakatika. Utakwaruzika, ndiyo. Watu watakuona. Lakini utakuwa hai.

Mimi niligonga kwa mara ya kwanza kitubioni. Niliungama kwa Kijerumani changu kibovu, nikatafuta neno la "kamari", nikalikosa, nikaeleza kwa mikono. Padre hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: hela ya mdogo wako utairudishaje? Nilikuwa nimejiandaa kulia, sikuwa nimejiandaa kupiga hesabu. Lakini ndivyo Kanisa linavyofundisha, kwamba aliyechukua cha mwenzake anapaswa kukirudisha, na Zakayo katika Luka sura ya 19 hakungoja aambiwe.

Mara ya pili niligonga kwenye simu. Mdogo wangu alikuwa amekosa mitihani ya muhula kwa sababu chuo hakimruhusu asiyelipa. Mimi nilikuwa nimemwambia benki ina matatizo. Nikamwambia ukweli wote. Alikaa kimya muda mrefu, nikadhani mtandao umekata. Kisha akasema, "Kaka, mimi nilikuwa nawaambia wenzangu kwamba benki za Ulaya zinasumbua. Nilikutetea."

Hakuna malipizi niliyopewa na padre yaliyoniuma kama sentensi ile. Andrea alimtafuta ndugu yake akampeleka kwa Yesu. Mimi nilimtoa mdogo wangu darasani.

Sitakudanganya kwamba yote yamepona. Nimemaliza kulipa ada ya muhula ule, kidogo kidogo, kama ile rangi nyekundu: nyembamba, ngoja, nyembamba tena. Amerudi chuoni, nyuma ya wenzake. Simu zangu nyingine anapokea, nyingine hapokei. Nimemkabidhi mwenzangu wa chumba namba ya siri ya simu yangu, na kila Jumamosi ananiuliza usoni, "Umebeti?" Ni aibu, lakini ni aibu inayonifaa. Msamaha wa Mungu niliupata siku ile ile. Imani ya mdogo wangu naijenga.

Taa zikawaka

Jioni ya nne tuliunganisha taa. Kila nguzo ina taa mbili ndogo, nyekundu juu, njano chini, na waya mwembamba kama unywele unapita ndani ya nguzo hadi chini ya meza. Plastiki ya vipande hivi ni nyembamba kiasi kwamba mwanga unapenya pembeni, hivyo tulipaka nyeusi ndani ya kila nyumba ya taa ili mwanga utoke mbele tu, kwa anayekuja. Taa moja niliiunguza kwa kusahau rezista. Mzee alikuwa na ya akiba.

Kisha akatoa mfukoni gari dogo la rangi ya bluu, akanipa na tone la gundi. "Libandike," akasema. Nikamuuliza wapi. Akanionesha kwa kidole kinachotetemeka: kabla ya msalaba. Si juu ya reli. Kabla.

Akawasha. Njano. Nyekundu. Vizuizi vikashuka taratibu. Treni ikatoka handakini, ikapita mbele ya lile gari, ikaelekea kituoni. Ilizunguka mara nyingi, na kila mara gari lilikuwa pale pale. Baada ya muda Mzee akasema, si kwangu, "Huyu amesubiri."

Nilimuuliza kama naweza kumsalia yule dereva wa miaka ile. Akaitikia kwa kichwa. Tukasali Baba Yetu, yeye kwa Kijerumani, mimi kwa Kiswahili, na tulimaliza kwa wakati tofauti.

Azimio la wiki hii

Majilio ni muda wa kusubiri kabla ya msalaba. Anayekuja hakuji kukuangamiza kama treni, anakuja kama mtoto horini. Lakini ni mkubwa kuliko sisi, na njia ni yake. Basi wiki hii tufanye mambo matatu, madogo kabisa:

Kwanza, tafuta kibao chako cha mistari mitatu. Kile kitu kidogo unachokificha. Kiandike mahali.

Pili, nenda kitubioni kabla ya Noeli, na uende kama mtu anayetoka, si kama mtu anayeingia. Kama kuna cha kurudisha, nenda na mpango wa kukirudisha.

Tatu, uwe Andrea kwa mtu mmoja. Huenda ni mdogo wako, huenda ni mwenzako wa kubeti. Usimhubirie sana. Simama tu mahali anapoweza kukuona.

Tusali

Bwana Yesu, unayekuja kwetu, tunakushukuru kwa kila onyo ulilotuwekea mbali na hatari. Utusamehe kwa mara tulizoliona tukaongeza mwendo. Utusamehe hasa kwa kuigeuza huruma yako kuwa njia ya mkato. Walionaswa leo, wape ujasiri wa kuivunja aibu yao wakutoroke kwako. Waliojeruhiwa na makosa yetu, uwaponye, na utupe uvumilivu wa kulipa taratibu bila kudai kusamehewa haraka. Wote waliofia barabarani na relini, uwapokee. Na wale waliowaona wakifa bila uwezo wa kuwasaidia, uwape amani. Amina.

Mtakatifu Andrea Mtume, utuombee.
Bikira Maria, Mama wa Majilio, utuombee.